Damu inatoka hovyo hovyo, shida nini? Maswali kutoka kwa dada zangu wa Mbeya na Iringa

Swali: Dada nesi, nina miaka 29, nauza viazi hapa Uyole. Niliweka kijiti cha uzazi wa mpango mwezi wa tatu, sasa kila wiki naona matone, mama mkwe anasema baridi imeniingia kizazini.

Jibu: Baridi haiingii kizazini mdogo wangu. Kijiti, na sindano ya miezi mitatu pia, vinafanya ukuta wa ndani wa kizazi uwe mwembamba ndo maana damu inachuruzika, na kwa wengi inatulia baada ya miezi kadhaa. Rudi kliniki, wanaweza kukupa ibuprofeni siku chache au vidonge vya majira kama presha yako iko sawa, ikishindikana wakitoe. Ila kwanza pima mimba!! Hata kama una kijiti. Mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo inaanza na matone, alafu tumbo linauma upande mmoja, unasikia kizunguzungu, hapo usilale nyumbani, ni hospitali usiku huo huo.

Swali: Na mimi ambaye situmii uzazi wa mpango?

Jibu: Mzunguko wa siku 21 mpaka 35 ni kawaida. Damu ya hovyo kwa mabinti waliovunja ungo juzi na wamama wanaokaribia kukoma hedhi mara nyingi ni homoni, wengine ni maambukizi au tezi ya shingoni, na uvimbe wa kizazi ndo naona wengi. Kuna mama alikuja kutoka Makambako kajifunga kanga mbili ndani ya kitenge, nikamshusha kope la chini peupe kabisa, viganja vyeupe, kumbe miezi minne anabadilisha pedi kila saa huku anakunywa mizizi. Tulianza kumwongeza damu, ndo ultrasaundi ikafuata. Sio kila uvimbe unahitaji operesheni, kuna vidonge vya kupunguza damu, vya homoni, na vya madini chuma vya kurudisha damu uliyopoteza.

Swali: Mama yangu yuko Tukuyu, alikoma hedhi miaka mitatu iliyopita, sasa ameona damu tena anafurahi anasema ujana umerudi.

Jibu: Jamani hapana. Damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, lazima tutafute saratani kwanza, hata kama mara nyingi tunakuta sio. Kile kipimo cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi kwake hakitoshi, anahitaji ultrasaundi na kukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Apande gari kesho asubuhi, asisubiri kuvuna ndizi.