“Lakini Mzigo Haujagusa Nchi Kavu!”: Dhana Potofu za Kuhamisha Baruti Meli kwa Meli

Nimeisikia tena wiki iliyopita, mara hii kutoka kwa mwenye machimbo ya kokoto upande wa Masaka, huku kwetu Uganda. Baruti yake ilikuwa inakuja na meli inayoishia Mombasa. Yeye akapiga hesabu zake akaona afadhali mzigo uende Dar es Salaam, upande lori na kuingilia mpaka wa Mutukula, karibu na kwake. “Mzee,” ananiambia, “tunautoa kwenye meli hii tunautia kwenye ile, majini hapohapo. Haugusi udongo wa Kenya. Kibali cha nini?”

Nimeshika kazi ya kutoa mizigo ya hatari miaka mingi, na sentensi hiyo ndiyo inayonipandisha presha kuliko zote. Najua inakotoka: inatoka forodhani. Mtu amezoea kwamba mzigo wa kupita tu haulipiwi ushuru, na tangu 2014, tulipoingia Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, shughuli za URA, mamlaka yetu ya mapato, zinamalizika mzigo ungali Mombasa. Basi anadhani nchi zimeungana kwa kila kitu. Zimeungana kwa kodi. Sheria za vilipuzi hazikuungana: Kenya ina yake, Tanzania ina yake, sisi tuna yetu, na maji yaliyo ndani ya mipaka ya bandari ni bandari, hata kama meli imetia nanga mbali na gati.

Karatasi ya Kampala, yaani kibali chako cha kuingiza vilipuzi, inasema wewe ni nani na unaruhusiwa kuingiza nini Uganda. Basi. Haijui gati gani, saa ngapi, meli gani ya mafuta imefunga jirani, wala mvua ya radi inatoka wapi. Mkuu wa bandari anapoombwa idhini ya kuhamisha baruti, hayo ndiyo anayoyapima. Mwenye mali hamshughulishi sana.

Tena kuhamisha ndiyo saa mbaya kuliko zote. Baruti iliyopangwa vizuri ndani ya meli imetulia. Ikining'inia kwenye winchi kati ya meli mbili zinazopanda na kushuka na mawimbi, haijatulia hata kidogo. Na meli mbili zikifungwa ubavu kwa ubavu, mahesabu hayazitazami kama mbili. Kilo za huku hujumlishwa na kilo za kule, kwa sababu ya kwanza ikilipuka ya pili haina pa kukimbilia. Jumla hiyo, uzito halisi wa kilipuzi bila maboksi na mbao, ndiyo inayoamua umbali kutoka kwenye nyumba za watu, matangi na meli nyingine.

Hapo pia wateja hunichekesha. “Basi tugawe mzigo nusu kwa nusu.” Haya, gawa. Umbali wa usalama unafuata kipeuo cha tatu cha uzito: ukipunguza baruti kwa nusu, umbali unapungua asilimia 20 hivi tu. Ukitaka umbali upungue nusu, baki na thumuni ya mzigo.

Anayeamini kwamba mzigo wa kupita hauna madhara aikumbuke Halifax, Kanada, tarehe 6 Desemba 1917. Mont-Blanc, meli ya Ufaransa, ilijaa vilipuzi vya vita vya Ulaya. Mzigo haukuwa wa Halifax wala haukuja kushushwa pale. Meli ilikuwa inaingia kusubiri msafara. Kabla ya vita, meli za namna hiyo hazikuruhusiwa kuingia bandari ya ndani, lakini kanuni zilikuwa zimelegezwa. Wala haikupeperusha bendera nyekundu ya kuwaonya wengine. Ikagongana na meli ya Norwei, Imo, kwa mwendo wa pole. Moto ukashika, na baada ya dakika 20 hivi ikalipuka. Walikufa watu karibu 2,000, wengi wao wakiwa nchi kavu, ile ambayo mzigo haukuigusa.

Kwa hiyo ombi lako liwe na tamko la mizigo ya hatari, mpango wa upakiaji wa meli zote mbili, jina la msimamizi kila upande, na ushahidi kwamba bandari inayofuata imekubali kuupokea mzigo. Lieleze pia kwamba hakuna atakayejaza mafuta wala kuchomelea vyuma wakati wa kazi, kwamba injini ziko tayari kuondoka, na kwamba radi ikisikika kazi inasimama na milango ya ngama, tumbo la meli, inafungwa. Na nawaomba, midomo imenikauka kwa kusema: ule uzito halisi uandikwe ukurasa wa kwanza, kwa kilo. Ombi linaloonyesha uzito wa kontena zima linarudishwa, halafu mnanilaumu mimi.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

“Detoneta na baruti ziwe kontena moja, tuokoe nauli.” Hapana. Detoneta, kile kiwashio cha baruti, huwa kundi B, baruti ya machimbo kundi D, na hayo mawili hayachanganywi hivyo. Ile herufi ya kundi, inayoandikwa baada ya namba ya hatari ya mzigo, haikuwekwa kama pambo.

“Yangu ni 1.4S, kama fataki za harusi.” Ndiyo, ina masharti mepesi. Bado ni daraja la 1, yaani vilipuzi, na bado inatangazwa.

“Amonia naitreti ni mbolea tu.” Ikiwa peke yake haimo daraja la 1, imo 5.1, daraja la vitu vinavyochochea moto, na idhini yake ni tofauti. Lakini Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, shehena ya “mbolea tu”, iliyoingia ikiwa tani 2,750, iliteketeza bandari.

“Tunaye afande wa kusindikiza.” Afande analinda mzigo usiibiwe. Cheche haziogopi bunduki.

Yule wa Masaka mwishowe alikubali. Baruti ilishushwa Mombasa moja kwa moja kwenye malori, bila kulala bandarini, ikaingilia Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda. Analalamikia dizeli mpaka leo. Juzi kanipigia tena: shehena ijayo ipitie Mwanza, ivuke kwa feri ya mabehewa hadi Port Bell, halafu pale ihamishiwe boti ndogo hadi ufukwe wa Masaka. “Ziwani hakuna sheria za bahari, si ndiyo?”

Nikamwambia tuna sheria ya usafiri wa majini ya 2021, na sheria yetu ya vilipuzi haiulizi kama maji yana chumvi. Nikamwambia pia asimame gatini Port Bell atazame nyuma yake: gereza la Luzira, viwanda, nyumba za watu mpaka kilimani. Halafu achukue kalamu aniandikie uzito halisi, kwa kilo, tuanze kupima umbali. Nasubiri hiyo namba.