Uwanda wa Saddle: jangwa lililo kati ya Kibo na Mawenzi

Ukiwa Moshi asubuhi, mawingu hayajapanda, utaviona vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Mgongo ulioinama katikati yake ndio uwanda wa Saddle, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni mchanga, majivu na mawe ya volkano, ilhali chini yake, Marangu, migomba imestawi na mifereji inatiririka.

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupoa unapopanda mlima na kumwaga mvua yake msituni. Upande wa kusini, kwenye mita 2,200 hivi, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Saddle haifikishi 250. Hata hizo hazikai, kwani udongo hunywa maji papo hapo na jua hukausha yaliyosalia. Usiku baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa ardhini huganda ukawa vijisindano vya barafu vinavyoinua udongo wa juu. Jua likitoka vinayeyuka, udongo unaporomoka, mizizi michanga inakatika. Ndiyo maana mimea michache iliyopo hujibanza kwenye mawe.

Mpanda milima Mjerumani, Hans Meyer, alishindwa kufika kilele cha Kibo mwaka 1887. Aliporudi mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller, alipiga kambi huku juu, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu. Tarehe 6 Oktoba walifika kileleni. Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi hiyo ya baridi, anastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa.

Kwa anayepanda kwa njia ya Marangu, Saddle iko kati ya kambi ya Horombo (mita 3,720) na kambi ya Kibo (mita 4,700 hivi), mwendo wa saa tano hadi saba. Kambini Kibo hakuna chemchemi. Maji hubebwa na wapagazi. Toka Horombo na lita 3 zako. Usiku geuza chupa kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu na kuziba mdomo.

Hewa huku ina oksijeni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Tunashauri sana ulale Horombo siku mbili. Kichwa kikiuma, mwambie kiongozi mapema. Ukianza kutapika mfululizo, kuyumba au kuchanganyikiwa, shuka mara moja, hata kama ni usiku.