Mapokezi ya albamu ya kwanza: jinsi Bleach ya Nirvana ilivyohukumiwa mara mbili

Mapokezi ya albamu ni yale yote yanayoipata kazi ya muziki ikishatoka studio: wachambuzi wameandika nini, redio zimeipiga au zimeipita, nakala ngapi zimenunuliwa, wanamuziki wengine wameionaje, na miaka kumi baadaye ni nani bado anaisikiliza. Mambo yote hayo huwa tunayafupisha kwa kusema "ilipokelewa vizuri" au "ilipokelewa vibaya", basi. Kwa albamu nyingi ufupisho huo hauna madhara. Kwa albamu ya kwanza unapotosha, kwa sababu albamu ya kwanza hutoka wakati bendi haijulikani, na sehemu kubwa ya hukumu yake huja kutolewa na watu ambao hawakuisikia ilipotoka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni Bleach, albamu ya kwanza ya Nirvana. Ilitoka Juni 1989 chini ya Sub Pop, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo ya mjini Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani.

Tuanze na muziki wenyewe. Grunge ni tawi la roki lililoota jimboni Washington katika miaka ya 1980, vijana walipochanganya hasira ya panki na uzito wa hevi metali ya mwendo wa pole, ile ya akina Black Sabbath. Mlio wa gitaa hukwaruzwa kwa vifaa maalumu mpaka ungurume, nyuzi hulegezwa ili sauti ishuke zaidi, na mwimbaji haoni aibu sauti yake ikipasuka. Melvins, Green River, Soundgarden na Mudhoney walikuwa wakiupiga muziki huu kabla Nirvana hawajajulikana hata Seattle kwenyewe. Bruce Pavitt na Jonathan Poneman, wenye Sub Pop, ndio waliouuza kama kitu kimoja chenye sura moja, na hilo lina uzito mkubwa katika habari hii: Bleach ilipotoka, ilitoka kama bidhaa ya Sub Pop kabla ya kuwa kazi ya Nirvana.

Bendi yenyewe ilikuwa ya Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa, na Krist Novoselic wa gitaa la besi, vijana waliokutana Aberdeen, mji mdogo wa wakata magogo. Dramu zilipigwa na Chad Channing. Dave Grohl, mpiga dramu aliyekuja kujulikana na bendi hii baadaye, alikuwa bado hajaingia. Walirekodi kwenye studio ya Reciprocal Recording, Desemba 1988 na Januari 1989, fundi wa sauti akiwa Jack Endino. Saa zote za studio zilikuwa kama 30 hivi. Nyimbo mbili, "Floyd the Barber" na "Paper Cuts", zilitoka kwenye kikao cha mwaka mmoja nyuma, ambapo aliyepiga dramu ni Dale Crover wa Melvins. Kanda ya kikao hicho ndiyo ambayo Endino alimpelekea Poneman, na mlango wa Sub Pop ukafunguka.

Bili ya kurekodi albamu ilikuwa dola 606.17. Bendi haikuwa na fedha hizo. Aliyelipa ni Jason Everman, mpiga gitaa aliyejiunga nao siku zile. Ukiichukua Bleach mkononi utamwona kwenye picha ya jalada, na jina lake limeandikwa kama mpiga gitaa, ilhali hakuna hata noti moja aliyoipiga kwenye albamu hiyo. Waliamua kumweka ili ajione ni mwenzao. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaondoka kwenye bendi.

Nyuma ya jalada pia kuna maelezo kwamba albamu ilirekodiwa na Endino kwa dola 600. Nayatilia mkazo maelezo haya kwa sababu yanaonyesha mapokezi yanavyoanza kutengenezwa kabla msikilizaji hajasikia chochote. Anayesoma bei hiyo anaelekezwa namna ya kusikiliza: kwamba huu ni muziki mbichi wa watu wasio na kitu, na kila mkwaruzo ni ushahidi wa ukweli wao. Albamu hiyohiyo ingewekwa mikononi mwa watu bila maelezo hayo, nina hakika baadhi yao wangesema tu kwamba imerekodiwa kwa haraka.

Sasa mapokezi ya kwanza. Huko Marekani Bleach haikuingia kabisa kwenye chati ya Billboard, orodha ya albamu zinazouzika zaidi nchini humo. Iliishi kwenye redio za vyuo, kwenye maduka madogo ya santuri na kwenye kumbi ambazo bendi ilizifikia kwa gari la van. Uingereza mambo yalikuwa na joto zaidi. Mwanzoni mwa 1989 Sub Pop walikuwa wamemwalika mwandishi Everett True wa gazeti la Melody Maker aje aione Seattle, na makala zake ziliwafanya wasomaji wa Uingereza waisubiri kila santuri iliyotoka huko. Oktoba mwaka huohuo Nirvana walirekodi kipindi cha John Peel kwenye redio ya BBC, kisha wakazunguka Ulaya pamoja na bendi ya TAD. Walifika Berlin siku chache tu baada ya ukuta kufunguliwa.

Hesabu ya miaka hiyo ya mwanzo huwekwa kwenye nakala 40,000 hivi. Mtu aliyezoea takwimu za Nevermind, albamu yao ya pili, anaweza kuiona idadi hiyo ni aibu. Si aibu hata kidogo. Kwa lebo iliyokuwa ikihangaika kulipa bili zake, na bendi ambayo haikuwahi kuonekana kwenye televisheni ya taifa, hayo ni mauzo ya heshima. Lakini waliozinunua nakala hizo walikuwa wakinunua mlio wa Seattle, na wengi wao kama ungewauliza bendi gani itavuka mipaka wangekutajia Mudhoney.

Kuna wimbo mmoja ambao ningetamani wasikilizaji wa 1989 wangeutazama kwa makini zaidi, nao ni "About a Girl". Unakuja wa tatu, baada ya nyimbo mbili nzito, na ghafla gitaa linasafishwa, kodi mbili za gitaa (chords) zinapishana kwa utulivu, na Cobain anaimba melodia laini ambayo ukiisikia mara moja inabaki kichwani siku nzima. Alikuwa amesikiliza Beatles. Kuuweka wimbo kama huo kwenye albamu ya Sub Pop kulihitaji ujasiri, maana wenzake wa panki wangeweza kumcheka kwamba anapiga pop. Ukweli kwamba aliuweka, tena mapema kwenye mpangilio, unaeleza mengi kuhusu alikotaka kwenda. Cobain mwenyewe alisema baadaye kwamba kulikuwa na shinikizo la kufuata mlio wa lebo, na nadhani "About a Girl" ndipo mahali ambapo shinikizo hilo lilishindwa.

Mapokezi ya pili yalikuja na Nevermind. Albamu hiyo ilitoka Septemba 1991 chini ya lebo kubwa, na Januari 1992 ikamng'oa Michael Jackson kutoka namba 1 ya Billboard. Mamilioni ya watu walioijua Nirvana kwa mara ya kwanza wakaanza kutafuta walichokuwa wamekikosa. Sub Pop wakaitoa Bleach upya mwaka 1992, ikiwa imeongezewa nyimbo mbili, na safari hii ikaingia kwenye chati na kufika namba 89. Mwaka 1995 ikapewa cheti cha platinamu, yaani nakala milioni moja Marekani peke yake, na bado ndiyo albamu iliyouzika kuliko zote katika historia ya lebo hiyo.

Je, hao milioni moja walikuwa wanahukumu nini? Hapa ndipo dhana ya mapokezi inahitaji uangalifu. Cheti kile kinatuambia Nevermind ilikuwa na nguvu kiasi gani. Kuhusu Bleach kinatuambia kidogo sana. Mbaya zaidi, wasikilizaji wa pili walikuja na kipimo tayari. Walitafuta dramu za Grohl na ung'avu ambao prodyuza Butch Vig aliutia kwenye Nevermind, wakavikosa, wakaiandika Bleach kama mazoezi ya kitu kikubwa kilichokuwa njiani. Hukumu hiyo naipinga. Sikiliza "School": maneno machache yanayorudiwarudiwa juu ya kipande kimoja cha gitaa, na hasira yote ya kijana anayekuta makundi yaleyale ya shuleni yamehamia kwenye ulimwengu wa muziki. Hakuna kinachopungua pale. Kuongeza ung'avu kungeuharibu.

Novemba 1993, Nirvana waliporekodi onyesho lao la MTV Unplugged jijini New York, walifungua na "About a Girl". Kabla ya kuupiga, Cobain aliwaambia watazamaji kwamba unatoka kwenye albamu yao ya kwanza, na kwamba watu wengi hawanayo. Alikuwa anasema kweli. Wengi waliousikia wimbo ule onyesho liliporushwa kwenye televisheni waliupokea kama wimbo mpya, miaka minne baada ya kutoka.

Albamu nyingine za kwanza za zama hizo zina mapokezi ya sura tofauti. Ten ya Pearl Jam, ya Agosti 1991, ilianza polepole sana, lakini ilipanda kwa nguvu zake yenyewe mpaka namba 2 mwishoni mwa 1992, haikusubiri albamu ya pili ije kuinyanyua. Core ya Stone Temple Pilots, ya Septemba 1992, iligawa watu katikati: kwenye kura za gazeti la Rolling Stone zilizotoka mwanzoni mwa 1994, wasomaji waliichagua bendi hiyo kuwa bendi mpya bora, na wachambuzi wa gazeti hilohilo wakaichagua kuwa bendi mpya mbaya kuliko zote. Ukiambiwa Core "ilipokelewa vizuri" au "vibaya", umeambiwa nusu tu.

Kwa hiyo ukikutana na uchambuzi wa Bleach, angalia kwanza umeandikwa lini. Wa 1989 unazungumzia bendi ya tatu au ya nne ya Sub Pop. Wa 1992 unazungumzia bendi maarufu kuliko zote duniani. Wa baada ya Aprili 1994, Cobain alipofariki, umeandikwa na mtu aliye kwenye msiba, hata kama hasemi. Na ukitaka kujihukumia mwenyewe, lipo toleo la 2009 la kuadhimisha miaka 20, ambalo ndani yake kuna onyesho zima walilopiga Portland Februari 1990. Humo nyimbo za Bleach zinapigwa na watu watatu, Channing akiwa bado kwenye dramu, mbele ya hadhira ambayo haijui chochote kuhusu Nevermind.