Mkoko Hausinyai

Ratiba ya shule ni ileile, lakini maji huchelewa kupwa kwa dakika 50 hivi kila siku. Ndiyo maana wanafunzi tunaowapeleka mikokoni, Ghuba ya Gazi kaunti ya Kwale, huanza na jedwali la bamvu (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kabla ya kitabu cha biolojia. Wengi wanaijua hesabu hiyo tangu nyumbani. Hawakujua tu kwamba nayo ni sayansi.

Siku ya kwanza haijengi sana. Wanateleza topeni, wanalamba jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, wasikie chumvi inayotolewa na mti wenyewe, wanacheka, wanarudi. Ukiwauliza, watakwambia "watafiti wanapima miti." Kinachowageuza ni kurudi kwenye miti ileile mwaka baada ya mwaka.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisoma utepe akanyamaza. Mkoko aliouandika kipenyo cha sentimita 11.2 mwaka uliotangulia sasa ulikuwa 10.6. Mwenzake akamshauri achukue namba ya zamani aongeze kidogo (ushauri unaowashawishi hata wenye shahada). Akakataa, mti hausinyai. Alipochunguza aliona kwamba mara ya kwanza walipima karibu mno na mizizi. Mkoko wa aina hiyo, wenye mizizi inayotoka shinani, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Akapaka rangi mahali hapo, kisha akaandika daftarini: "Mwaka jana tulikosea." Tulikosea, yeye na sisi.

Kosa hilo si dogo. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja hapo Gazi huuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na hesabu ya kaboni huanzia kwenye kipenyo cha shina.

Nyumbani babu yake, aliyewahi kukata miti ya kujengea, alitazama daftari akasema, "Hii ni boriti, mjukuu wangu." Kwa wakataji, mti wa sentimita 8 hadi 13 ni boriti, mwembamba zaidi ni pau, halafu fito, mnene ni nguzo. Wiki iliyofuata fomu yetu ya vipimo ilirudi na safu mpya yenye majina hayo. Hatukuifuta.

Walimu wakituuliza waende wapi, tunawaambia kipande kimoja cha msitu mara tano ni bora kuliko misitu mitano mara moja.

Mwanafunzi huyo sasa yuko kidato cha nne. Bamvu lijalo limeangukia mtihani wa mwigo, na ameshatuletea majina ya wawili wa madarasa ya chini watakaoushika utepe.