Hata ukiniletea tau bilioni

Nikirudi tu Malindi, swali ni lile lile. Safari hii limetoka kwa mwalimu wa fizikia, mtu ninayemheshimu: mashine za kugonganisha chembe zikikusanya data zaidi, si mtaipata kamili alfa-s, ile namba inayopima nguvu kali inayofunga kwaki ndani ya protoni? Hapana, mwalimu wangu. Hapana tena.

Alfa-s haiwekwi kwenye mizani kama nguru sokoni. Tunachohesabu ni mara ngapi tau, ndugu mzito wa elektroni, inaoza ikatoa hadroni, yaani chembe zilizoundwa kwa kwaki, tukagawa kwa mara inazotoa elektroni. Jibu ni karibu 3.64. Kwaki zisingeshikana, lingekuwa 3 na kidogo, yaani moja kwa kila rangi ya kwaki; rangi hapa ni jina tu la aina tatu za chaji. Ile ziada ya asilimia 20 hivi ni kazi ya gluoni, chembe zinazobeba nguvu kali, na humo ndimo tunamoichota alfa-s. Data za vigunduzi vya ALEPH na OPAL kule maabara ya CERN ni safi. Sina ugomvi nazo.

Wala usiniambie alfa-s ya 0.32 inayopatikana kwenye tau inapingana na 0.118 ya kwenye Z, chembe nzito zaidi. Nguvu kali hulegea nishati inapopanda; Gross, Wilczek na Politzer walilimaliza hilo 1973. Tupite.

Kinachoniudhi ni hiki. Ziada ile ni mfululizo wa vipeo vya alfa-s (alfa-s yenyewe, kisha alfa-s mara alfa-s, na kuendelea), nao tunaujua hadi kipeo cha 4 tu, kwa hesabu ya Baikov, Chetyrkin na Kühn ya 2008. Na mfululizo wenyewe unajumlishwa kuzunguka duara katika namba changamano. Hapo ndipo tunapofarakana. Wengine huifunga alfa-s kwenye thamani yake penye uzito wa tau, 1.777 GeV kwa kipimo cha nishati, kisha wanakata mfululizo. Wengine huiacha ibadilike hatua kwa hatua kando ya duara. Data moja, vipeo vile vile, lakini wa kwanza wanapata karibu 0.32, wa pili karibu 0.34. Kipeo cha 4 kilipokuja, tulidhani pengo litazibika. Wapi! Niletee tau bilioni, litakuwa pale pale.

Tangu 2020 Hoang na Regner wanahoji kwamba njia ya pili haiendani na masahihisho ya nje ya mfululizo tunayoiongezea. Hoja yao imenishika, ingawa nilikuwa upande wa kwanza tangu zamani, kwa hiyo msinifanye shahidi. Tena 1.777 GeV ni nishati ndogo. Kuna usiku najiuliza kama mfululizo una haki ya kutumika huko.

Kisha alfa-s ikipandishwa kwa hesabu hadi nishati ya Z, hitilafu ya 0.02, yaani lile pengo letu, husinyaa yenyewe hadi kama 0.002. Kwenye semina tunapigiwa makofi kwa hiyo 0.002.