Kiwango cha chini cha ufanisi wa nishati: sheria inadai nini kwa mota na mitambo ya viwandani

Kiwango cha chini cha ufanisi wa nishati ni mpaka uliowekwa kisheria, na kifaa kinachotumia nishati hakiruhusiwi kuuzwa ikiwa utendaji wake umeshuka chini ya mpaka huo. Kwa mota ya umeme, ufanisi ni ile sehemu ya umeme ulioingia ambayo inatoka kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka, ikiwa nguvu ya kuzungusha pampu, feni au kinu. Sehemu iliyobaki hugeuka joto na kupotea. Mota ikipokea kilowati 10 na kutoa kilowati 9 kwenye shafti, ufanisi wake ni asilimia 90. Serikali inapoweka kiwango hicho haimpangii mwenye kiwanda cha unga mjini Nakuru magunia atakayosaga wala saa atakazofanya kazi. Inamzuia muuzaji asimletee mota inayokula umeme kupita kiasi, kwa kuwa mnunuzi aliyesimama dukani hawezi kuitambua mota ya namna hiyo kwa kuitazama tu.

Katika takriban kila nchi yenye sheria za namna hii, mota ni miongoni mwa vifaa vya viwandani vinavyotangulizwa, na kuna sababu nzuri. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2011 kwamba mifumo inayoendeshwa na mota hutumia zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote duniani. Ukiingia kiwanda chochote cha magharibi mwa Kenya utaona kwa nini. Feni zinazonyausha majani chai Kericho, Nandi na Vihiga, pampu na mikanda ya kusafirishia miwa katika viwanda vya sukari, kompresa za hewa Kisumu na vinu vya mahindi kila kona ya Nakuru, vyote vinazungushwa na mota.

Umeme unaopotea ndani ya mota hupotelea mahali kadhaa panapojulikana: kwenye nyaya za shaba zilizosukwa katika stata (sehemu isiyozunguka), kwenye rota (sehemu inayozunguka), kwenye chuma cha kiini kinachopitisha usumaku, na kwenye msuguano wa beringi pamoja na feni ya kupoza. Mtengenezaji anayetaka kupunguza upotevu huo huongeza shaba, hutumia mabati membamba zaidi ya chuma bora katika kiini, na huziunda sehemu zake kwa ustadi mkubwa zaidi. Yote hayo yanagharimu. Ndiyo maana mota bora huwa ghali dukani na mota duni huwa rahisi, na ndiyo maana soko likiachwa peke yake huvutwa na ile rahisi, hasa pale ambapo anayenunua mtambo ni kontrakta na atakayelipa bili ya stima ni mtu mwingine.

Ili wauzaji na wadhibiti wazungumze lugha moja, Tume ya Kimataifa ya Elektroteknolojia iliyapanga madaraja ya ufanisi katika kiwango chake kiitwacho IEC 60034-30-1, kilichotolewa mwaka 2014. Daraja la IE1 ndilo la chini, likifuatwa na IE2, IE3 na IE4. Herufi hizo huandikwa kwenye kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota, pamoja na kilowati, volti, ampea na mizunguko kwa dakika. Mota ndogo haidaiwi asilimia zilezile na mota kubwa, kwa kuwa kwa kawaida mota kubwa huwa na ufanisi wa juu zaidi. Kwa mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) ya kilowati 15 inayotumia umeme wa hezi 50, kama wetu, IE1 inadai asilimia 88.7, IE2 asilimia 90.6, IE3 asilimia 92.1 na IE4 asilimia 93.9.

Tofauti ya asilimia tatu au nne huonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Tuchukue mota hiyo ya kilowati 15 ikifanya kazi kwa mzigo kamili saa 4,000 kwa mwaka, jambo la kawaida kwa kinu chenye wateja. Ya daraja la IE1 itavuta takriban kilowati 16.91 kutoka kwenye laini, nayo ya IE3 itavuta takriban 16.29. Kwa mwaka mzima, tofauti hiyo inakaribia yuniti (kilowati-saa) 2,500. Tukichukulia kila yuniti inagharimu shilingi 20, kwa ajili ya kurahisisha hesabu tu, mwenye kinu analipa karibu shilingi 50,000 za ziada kila mwaka, na mota ya namna hiyo ikitunzwa hudumu miaka mingi. Kwa hesabu hiyohiyo, stima ya mota ya IE1 kwa mwaka mmoja inakaribia shilingi 1,350,000. Bei ya kununulia mota ni sehemu ndogo sana ya gharama yake, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye kinu alijue kabla ya kuanza kupatana bei.

Serikali nayo ina sababu zake zaidi ya kumhurumia mnunuzi. Eneo la magharibi liko mbali na vituo vikubwa vya kuzalisha umeme, na laini ndefu hupoteza umeme na kushusha volti njiani. Mtambo wa kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ulioko Muhoroni, uliohamishwa kutoka Embakasi, Nairobi, mwaka 2016, huchoma mafuta ili kusaidia eneo hili wakati mahitaji yanapopanda, na gharama ya mafuta yanayochomwa katika mitambo ya namna hiyo humfikia kila mteja nchini kupitia kipengele cha gharama ya mafuta kwenye bili. Kilowati isiyovutwa na kiwanda cha Kisumu saa moja usiku haihitaji kuzalishwa kwa mafuta. Kwa hiyo hoja kwamba umeme wa Kenya tayari ni safi kwa sababu sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria haitoshi: saa ambazo eneo letu linaumia zaidi ndizo saa ambazo umeme ghali zaidi huwashwa.

Mataifa yenye viwanda vikubwa yamepiga hatua mbele zaidi. Marekani ilipitisha sheria iliyogusa mota mwaka 1992, ikaanza kutekelezwa mwaka 1997. Umoja wa Ulaya ulifanya IE3 kuwa sharti kwa mota nyingi za fezi tatu, yaani zinazolishwa na nyaya tatu za umeme, kuanzia Julai 2021, na kuanzia Julai 2023 ukadai IE4 kwa zile nyingi za kati ya kilowati 75 na 200. China, inakotoka sehemu kubwa ya mota zinazouzwa katika maduka yetu, nayo ilidai IE3 kwa soko lake la ndani kuanzia Juni 2021. Hili la mwisho lina uzito kwetu: nchi isiyo na mpaka wake hugeuka mahali pa kumalizia bidhaa ambazo kwao zimekataliwa.

Kenya ina sheria za aina mbili kuhusu jambo hili, na nimeona mara nyingi watu wakizichanganya. Ya kwanza inasimama mlangoni, yaani pale kifaa kinapoingia nchini na kuuzwa. Kanuni za Utendaji wa Nishati na Lebo za Vifaa za mwaka 2016 zilitaja friji, viyoyozi, aina kadhaa za taa pamoja na balasti (vidhibiti vya umeme wa taa) zake, na mota za fezi tatu za aina inayotumika sana viwandani. Kifaa kilichotajwa kinapaswa kusajiliwa na mdhibiti kabla ya kuuzwa na kubeba lebo ya nyota, ambapo nyota nyingi zina maana ya ufanisi zaidi. Viwango vyenyewe vya upimaji huandaliwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Mdhibiti wakati huo alikuwa Tume ya Kudhibiti Kawi, na tangu Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 kazi hiyo iko mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA.

Sheria ya pili inasimama ndani ya kiwanda, na haimgusi muuzaji bali mtumiaji. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilimlenga mwenye jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka, umeme na nishati ya joto vikihesabiwa pamoja. Ukiigawa kwa miezi, hiyo ni yuniti 15,000 kila mwezi. Mota tatu kama ile ya mfano wetu zinatosha kuupita mpaka huo. Anayeangukia humo anatakiwa awe na sera ya nishati na afisa wa kuisimamia, afanyiwe ukaguzi wa nishati na mkaguzi mwenye leseni angalau mara moja kila baada ya miaka mitatu, na atekeleze walau nusu ya akiba iliyopendekezwa na mkaguzi kabla ya miaka mitatu hiyo kwisha. Sharti hilo la nusu ndilo linalozipa kanuni hizo meno, kwa maana bila hilo ripoti ingeishia kabatini.

Ukaguzi huona mambo ambayo lebo haiwezi kuyaona. Kompresa yenye mota ya nyota zote itaendelea kuunguza pesa ikiwa mabomba ya hewa yanavuja mchana na usiku. Pampu iliyonunuliwa kubwa kuliko kazi yake hubanwa kwa vali, na umeme huishia kupigana na vali hiyo, ilhali kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota kingepunguza matumizi kwa kiasi kikubwa. Hata kubadilisha mota kuna mtego wake. Mota ya daraja la juu huzunguka kwa kasi kidogo zaidi kuliko ya zamani, kwa mfano mizunguko 1,465 kwa dakika badala ya 1,440, na nguvu inayohitajika na feni hupanda kwa kasi iliyozidishwa yenyewe mara tatu. Ongezeko hilo la asilimia 1.7 katika mwendo huwa asilimia 5.3 katika nguvu, kiasi ambacho kinaweza kuimeza akiba yote ya mota mpya. Katika feni ya kunyausha majani chai iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti, bila mkanda wala puli ya kubadilisha, fundi asiporekebisha pembe ya mapanga, meneja ataona bili haijashuka na atasema kwamba mota za ufanisi ni uongo.

Volti nayo ni jambo la kuangaliwa kwa makini katika eneo letu. Asilimia zilizoandikwa kwenye kibati zilipimwa maabara, volti ikiwa kamili na fezi zote tatu zikiwa sawa. Volti ikishuka, au fezi moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, mota yenye mzigo huvuta ampea nyingi zaidi, hupata joto, na ufanisi wake huanguka haidhuru ina nyota ngapi.

Kati ya sheria hizi mbili kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo walimo watu wengi wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma wanaojipatia riziki kwa mashine. Kinu cha kijijini chenye mota moja hakifiki yuniti 180,000, kwa hiyo hakuna mkaguzi atakayebisha hodi. Mota yake ilinunuliwa zamani, pengine ikiwa ya mtumba, kwa hiyo sheria ya mlangoni haikuigusa. Ikiungua haitupwi, hupelekwa kwa fundi wa kusuka mota, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mtu mwenye mtaji mdogo. Kusuka upya si kosa. Majaribio ya vyama vya mafundi wa mota vya Marekani na Uingereza yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba mota iliyosukwa kwa utaratibu mzuri hubaki na ufanisi wake karibu wote.

Tatizo liko katika namna ya kuzitoa nyaya za zamani. Stata ikiwekwa juu ya moto wa wazi ili vanishi iungue haraka, joto lisilopimwa huharibu utando mwembamba unaotenganisha mabati ya kiini, na tangu hapo umeme hupotea ndani ya chuma chenyewe kila mota inapowashwa. Tatizo la pili ni waya: fundi akikosa saizi iliyokuwepo akaweka nyembamba zaidi, upotevu kwenye shaba huongezeka. Mota itaunguruma, kinu kitasaga, mteja ataondoka ameridhika, na kibati kitaendelea kutaja asilimia ambazo hazipo tena.

Kwa maoni yangu, hatua inayofuata ya udhibiti nchini ingefaa ielekezwe kwa mafundi hawa, kwa mafunzo na oveni zenye kipimajoto katika karakana za jua kali, kabla ya kuongeza nyota nyingine kwenye lebo. Kwa sasa, mwenye mota anaweza kumwomba fundi ahesabu mizunguko ya koili na kupima unene wa waya wa zamani kabla ya kuutupa, arudishe uleule au mnene zaidi ukiingia, kisha apime ampea za mota ikizunguka bila mzigo kwenye fezi zote tatu, na kuziandika. Ikiwa kipimo kama hicho kilichukuliwa mota ilipokuwa nzima na sasa, kwa volti ileile, ampea zimepanda sana, kiini au msuko una kasoro, na mota hiyo haijawa tayari kurudishwa kinuni.