Kalamu Inaposimama Kwenye Swali la Ulemavu

Kwenye meza ya usajili nimeona mara nyingi kalamu ikisimama palepale, kwenye kisanduku kinachouliza kama mwanachuo ana ulemavu. Kijana anageuka nyuma, foleni ni ndefu. Karani anapaza sauti: "Wewe tatizo lako nini?" Kijana anaweka tiki kwenye "Hapana", anaondoka. Muhula unafika katikati, haoni ubaoni, na walimu wanamwita mvivu.

Hakuwa na nia ya kudanganya. Alijisitiri.

Ana uoni hafifu. Kwenye mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, alizoea karatasi ya maandishi yaliyokuzwa na muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Akadhani utaratibu ule utamfuata chuoni. Haumfuati. Inabidi aanze upya, na wa kumrahisishia ni sisi wa ofisi ya ushauri.

Kusema kwamba una ulemavu ni hiari ya mwanachuo mwenyewe. Anaweza kusema siku ya kwanza, anaweza kusema mwaka wa pili kifafa kikimrudia. Haki yake haijapita. Ila akija usiku wa kuamkia mtihani, karatasi ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, haitakuwa imeandaliwa, kwa hiyo nawasihi wanachuo waje mapema.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu sawa na wenzake na inakataza ubaguzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaongeza jambo ambalo wakuu wa idara wengi hawalijui: kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji, ilhali taasisi inayamudu, nako ni ubaguzi. Si lazima umtukane wala umfukuze. Ukipanga kipindi ghorofa ya tatu, na mwanachuo anatumia kiti mwendo, na chumba cha chini ki wazi, umeshambagua. Na huyo hana haja ya kujaza fomu yoyote, sote tunamwona.

Kisha kuna siri. Mhadhiri anatakiwa kujua kwamba mwanachuo fulani akae mbele, mbali na mwanga wa dirishani. Jina la ugonjwa halimhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo kumtaja mtu mbele ya darasa "ili wenzake wamsaidie" bila ridhaa yake ni kumvunjia faragha, hata kama umefanya kwa huruma. Jambo hili linaniuma kuliko mengine, maana aliyeanikwa mara moja harudi tena ofisini.

Makarani, mwiteni mwanachuo pembeni, mmuulize: "Unahitaji nini ili usome na ufanye mitihani vizuri?" Nawe mwanachuo, ukikataliwa, andika barua kwa Mshauri wa Wanafunzi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.